Mpelelezi na Mwanahabari Ndani ya Nyumba Moja: Mwongozo wa Kuandika Riwaya ya Kumsaka Muuaji Mombasa

Riwaya ya mke mpelelezi na mume mwanahabari wanaomsaka muuaji mmoja hufa pale wanapoanza kuambiana kila kitu. Wakishaungana tangu sura ya tatu, nyumba yao haina kazi tena katika hadithi, na msomaji amebaki na mpelelezi mmoja aliyegawanywa majina mawili. Kinachoibeba riwaya ya aina hii ni siri: kila mmoja analala ubavuni mwa mtu ambaye haruhusiwi kumwambia alichokiona mchana. Kazi ya mwandishi ni kupanga nani anajua nini, tangu saa ngapi, na atapoteza nini akikisema.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni. Zuhura ni Inspekta wa upelelezi wa jinai. Salim, mumewe, ni mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari iliyochapishwa, si kwa mwezi. Wanaishi Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa. Aliyeuawa ni karani wa wakili wa mirathi.

Hatua ya kwanza: andika uhalifu kabla ya kuandika riwaya

Kurasa tatu au nne zatosha, na hazitachapishwa. Zianze siku muuaji alipopata sababu ya kuua, zifuate mpangilio wa saa, ziishie mwili unapoonekana. Andika alitumia nini, alimkuta wapi, aliacha nini, na anaamini ameficha nini. Waandishi wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuanza. Wakifika sura ya thelathini hawajui muuaji alikuwa wapi Jumanne, ndipo wanapomzua shahidi aliyeona kila kitu kutoka dirishani.

Kuhusu sababu ya kuua, shauri letu ni kuacha ugaidi na dawa za kulevya kwanza. Si kwamba havipo, bali vinampa kila mhusika sababu ileile na vinaua fumbo. Mombasa ina sababu zilizo na karatasi nyuma yake: kiwanja chenye hati mbili, kasha la bandarini lililotolewa kwa stakabadhi za kughushi, nyumba ya Mji wa Kale ambayo warithi kumi na wanne hawajawahi kugawana. Hiyo ya mwisho ni tajiri kuliko zote. Mirathi ya Waislamu waliokubali kufika mbele ya Kadhi huamuliwa katika Mahakama ya Kadhi, kwa hiyo kuna faili, kuna orodha ya warithi, na kuna karani aliyeipiga chapa. Jina moja likiondolewa kwenye orodha, mgao wa wengine unaongezeka. Karani wetu aliligundua jina hilo.

Hatua ya pili: daftari la safu tano

Piga mistari: tarehe na saa, anachojua Zuhura, anachojua Salim, anachojua muuaji, anachojua msomaji. Kila sura ipate mstari wake. Kwa riwaya ya maneno kama 65,000, sura 40 za maneno 1,600 hivi ni kipimo kizuri. Sura ambayo haibadilishi hata safu moja itolewe, iwe imeandikwa vizuri namna gani.

Kisha pitia safu ya Zuhura na ya Salim, uweke alama penye kitu kisichoruhusiwa kuvuka. Upande wa polisi kuna mambo mawili ya kulinda: jina la shahidi, na ile habari ya eneo la tukio inayofichwa makusudi. Tuseme karani alikutwa na kitufe cha kanzu kinywani. Askari watatu tu wanalijua hilo. Atakayelitaja bila kuambiwa, ama ni muuaji ama alikuwapo. Siku Salim akiliandika gazetini, kipimo kimeharibika na Zuhura hana tena njia ya kupambanua ukweli na majigambo. Upande wa Salim cha kulinda ni mtu aliyemwamini. Akimtaja hata kwa mkewe, wiki ijayo hakuna atakayempigia simu.

Amua pia adhabu mapema. Ofisa aliyevujisha habari si lazima afungwe ili msomaji atetemeke. Barua ya uhamisho inatosha: Jumatatu aripoti kituo cha mbali, faili akabidhi kwa mwenzake. Kila familia ya polisi Kenya inaifahamu barua hiyo.

Na je, wameoana? Sheria ya Ushahidi ya Kenya inalinda mazungumzo ya mume na mke yaliyofanyika wakati wa ndoa. Wachumba hawana kinga hiyo. Ukiwaandika kama wachumba wanaosubiri mahari ikamilike, kila neno walilonong'onezana linaweza kuulizwa kizimbani. Ni uamuzi wa sentensi moja, lakini unabadilisha nusu ya riwaya.

Hatua ya tatu: bahari, mwezi na mwili

Hapa ndipo riwaya nyingi za Pwani zinapoumbuka, na ndipo zinapoweza kushinda za kwingine. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji Mombasa hujaa takriban saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne hadi saa tano. Wakati wa maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inapokuwa ndogo, ni kinyume. Kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku majira husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Tofauti ya kina siku za bamvua hupita mita tatu, kwa hiyo ngazi za Bandari ya Kale zilizo kavu asubuhi zaweza kuwa chini ya maji alasiri.

Kwa kuwa bamvua hufuata mwezi, tarehe ya Kiislamu inakufunga. Ukisema ni usiku wa kuamkia Idi el-Fitri, umeshasema mengine bila kukusudia: hilali ni nyembamba na hutua muda mfupi baada ya Magharibi, usiku wa manane ni giza totoro, na maji yanakaribia bamvua. Mwandishi anayemulika sura ya muuaji kwa mbalamwezi usiku huo amechekwa na kila mvuvi wa Mji wa Kale. Pia hakuna tarawehe usiku huo, kwa hiyo mshukiwa anayedai alikuwa akisali tarawehe amejikamatisha.

Sasa tazama mfano wetu. Muuaji anamlaza karani ndani ya kidau kilichofungwa Bandari ya Kale, saa sita usiku wa kuamkia Idi, anakata kamba, akiamini mkondo utakipeleka nje ya mlango wa bahari na hakitaonekana tena. Lakini maji yalianza kujaa tangu kama saa nne usiku. Kidau kinaingia ndani badala ya kutoka, kinapita chini ya daraja la Nyali, kinanasa kwenye mikoko ya hori la Tudor. Maji yanapopwa asubuhi kinabaki juu ya tope, na watoto waliovaa nguo za Idi wanakiona. Zuhura ana fununu yake ya kwanza hata kabla hajaugusa mwili: aliyekata kamba hii hajui bahari. Nahodha, mvuvi na mpiga mbizi wametoka kwenye orodha.

Saa ya kifo ndiyo sehemu ya kuandika kwa uangalifu zaidi. Sahau kanuni ya mwili kupoa kwa digrii moja au moja na nusu kila saa. Ni ya nchi za baridi. Mwili ni nyuzi 37, na chumba kisicho na feni Mombasa msimu wa kaskazi kinaweza kufika 30 na zaidi. Tofauti ni ndogo mno, kupoa ni taratibu, na daktari mwaminifu atakupa kipindi cha saa kadhaa, hatakutajia dakika. Alama nyingine zinasaidia zaidi:

- Damu hutuama sehemu ya mwili iliyo chini. Huanza kuonekana ndani ya saa moja au mbili, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili rangi hiyo haihami tena hata mwili ukigeuzwa.
- Kukakamaa huanza saa mbili hadi nne baada ya kifo, kwenye kope na taya, kisha hushuka. Huondoka kwa mpangilio uleule, na joto huharakisha yote mawili.
- Nzi huja mapema sana mchana, usiku karibu hawaji. Mwili usio na mayai ya nzi saa nne asubuhi huenda ulifunikwa au ulifungiwa mahali.
- Tumbo la aliyefunga ni ushahidi. Tende na uji vikikosekana, huenda hakufika Magharibi.

Karani wetu amelala kifudifudi ndani ya kidau, lakini damu imetuama mgongoni na haihami. Taya imeanza kulegea, miguu bado ngumu. Tumbo ni tupu. Hivyo alikufa mchana, pengine saa nane, akalazwa chali mahali penye kivuli hadi usiku. Washukiwa wote wamejiandaa kueleza walikuwa wapi usiku. Hakuna aliyeandaa mchana wa mfungo wa mwisho. Ndio mgeuko wa katikati ya riwaya, na haukuhitaji bahati wala ndoto.

Ukipendelea mwili uliotupwa majini moja kwa moja, jua kwamba kwa kawaida huzama kwanza, kisha kwenye maji ya joto huibuka baada ya siku chache gesi zikijaa. Kaa na samaki huanzia kope, midomo na masikio. Majeraha hayo hupotosha askari mgeni akadhani ni kisu.

Hatua ya nne: polisi wa Kenya, si wa Marekani

Kenya haina jopo la wananchi linaloamua kesi. Jaji wa Mahakama Kuu husikiliza mauaji na kuamua peke yake. Kwa hiyo hotuba ya wakili ya kuwaliza wazee kumi na wawili haina wa kuisikiliza.

Mlolongo ni huu. Taarifa inaingia kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, inapewa nambari na saa. Saa hiyo ni dhahabu kwa mwandishi, maana ikitofautiana na saa ya simu ya shahidi, kuna mtu kituoni wa kuulizwa. Eneo linazungushiwa utepe, linapigwa picha, vielelezo vinaorodheshwa. Kitambaa chenye damu kikaushwe kivulini na kutiwa kwenye bahasha ya karatasi ya kaki. Konstebo akikitia kwenye mfuko wa plastiki kwa unyevu wa Mombasa, kinaota ukungu na vinasaba (DNA) vinaharibika. Kosa dogo la namna hiyo, lililofanywa sura ya nne na kugunduliwa sura ya ishirini na sita, lina uzito kuliko mfukuzano wowote wa magari. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mombasa, na maabara kubwa ya uchunguzi wa jinai iko makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Nairobi, ilifunguliwa 2022. Kwa vyovyote vile hesabu majibu ya vinasaba kwa wiki. Yakija kesho yake, msomaji anayejua ataweka kitabu chini.

Mvutano mkubwa wa kweli ni maziko. Familia ya Kiislamu inataka kumwosha marehemu, kumsalia na kumzika siku hiyohiyo, na leo ni Idi. Zuhura anahitaji upasuaji wa maiti, ndugu wa kuutambua mwili, na daktari ambaye yuko sikukuu. Andika sura nzima hapa. Ami wa marehemu amesimama mlango wa mochari ya Hospitali Kuu ya Pwani na jeneza la msikitini tayari, naye Zuhura, mtoto wa Kibokoni, anajua fika anachokiomba.

Mshukiwa akikamatwa, Katiba kifungu cha 49 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa muda unaishia nje ya saa za mahakama. Idi ikiangukia Ijumaa, kukamata siku hiyo kunampa Zuhura pumzi kidogo, na wakili mjanja kitu cha kulalamikia. Siku za kumzuilia zaidi huombwa mbele ya hakimu. Kabla ya kusomewa mashtaka ya mauaji, mshtakiwa hupimwa akili. Anaweza pia kupewa dhamana pasipo na sababu nzito za kumnyima. Ndivyo muuaji wako anavyorudi mtaani kihalali katika robo ya mwisho ya kitabu.

Kuungama mbele ya mpelelezi wa kesi hakufai kitu kortini. Sheria inataka kuwe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi mwenye cheo kinachokubalika kisheria asiye mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa awepo. Hivyo tukio la mwisho ambapo muuaji anaeleza yote kando ya bahari linaweza kumridhisha Zuhura moyoni, lakini faili linabaki jepesi. Na usimalizie kwa kitanzi. Adhabu ya kifo ingali kwenye vitabu, ila Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2017 kuwa si lazima jaji aitoe, na Kenya haijanyonga mtu tangu 1987.

Hatua ya tano: mpe mwanahabari kazi yake

Salim asiwe msaidizi wa mkewe. Ana njia ambazo Zuhura hana: dereva wa tuktuk anayempigia kabla ya polisi kufika, karani wa masijala anayemwachia faili mezani anapoenda kunywa chai, wazee wa barazani. Ana pia mipaka. Hataji jina la marehemu kabla ya jamaa kuarifiwa. Hamwiti mtu muuaji kabla ya mahakama, la sivyo atashtakiwa kwa kumchafulia jina. Mhariri atamuuliza nani mwingine amethibitisha, na jibu "mke wangu" halisemeki.

Umaskini wake ni injini. Analipwa kwa habari, kodi inakaribia, na habari kubwa kuliko zote mjini imelala chumbani mwake. Huhitaji kumfanya msaliti.

Fundo kuu la riwaya lifunge hapa. Salim alipiga picha ya kidau kwa simu yake kabla utepe haujafungwa, na kwenye picha kamba imekatwa kwa kisu, ilhali kwenye picha za polisi imefumuka baada ya kukanyagwa. Zuhura anaihitaji. Lakini ushahidi wa kielektroniki unadai cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza umetoka kifaa gani na mikononi mwa nani. Atakayekitia saini ni Salim, na wakili wa upande wa pili atamuuliza swali moja tu: nani alikwambia uende Tudor asubuhi ile?

Hatua ya sita: ramani na saa

Chora kisiwa kwa mkono. Nyali kaskazini, Makupa kuelekea bara, feri ya Likoni kusini. Muuaji anayekimbilia Pwani Kusini si lazima akwame kwenye foleni ya feri, kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu sasa inamfikisha kwa gari bila kuvuka Likoni; njama za zamani zilizotegemea feri kama mlango pekee zimepitwa. Miritini kuna treni ya Nairobi tangu 2017, tiketi zake zina jina na kitambulisho.

Tumia saa za Kiswahili kila mahali isipokuwa kwenye nyaraka. Shahidi wa Mji wa Kale hatasema "saa kumi na mbili na dakika arubaini". Atasema "Magharibi ilikuwa ishasaliwa". Adhana za misikiti jirani hupishana kwa dakika chache, na mashahidi wawili wakweli wanaweza kugombana kwa sababu kila mmoja alisikia msikiti wake. Ujumbe wa M-Pesa unamaliza ubishi huo, kwani una saa na nambari ya muamala. Ila rekodi za kampuni ya simu Zuhura atazipata kwa amri ya mahakama, si kwa kumpigia rafiki.

Hatua ya saba: mazungumzo

Konstebo humwita Zuhura "madam", raia humwita "afande", bibi wa mtaani humwita "mwanangu" hata akiwa amevaa pingu kiunoni. Salim humwita mzee wa barazani "ami" na hamwulizi jambo kabla ya salamu kuisha. Lahaja ya Kimvita itiwe kwa kiasi, "yuwaja", "wataka nini", na iachwe kwa wenyewe. Askari aliyetoka bara aseme Kiswahili chake.

Mazungumzo ya mume na mke yabebe kisichosemwa. Mfano, asubuhi ya pili, mahamri na mbaazi mezani:

"Ulirudi saa ngapi?"
"Saa tisa. Ulikuwa ushalala."
"Viatu vyako vina tope."
"Mvua."
"Mvua haikunyesha, Zuhura."
Akamega hamri, akalichovya, hakulila. Tope lile lilikuwa jeusi, lenye harufu ya mikoko.
"Basi niliyakanyaga mahali," akasema, akaivuta bakuli ya mbaazi upande wake.

Salim ameshajua asichoambiwa, na Zuhura anajua amejua. Kwenye daftari, mstari huo unajaza safu mbili.

Hatua ya nane: fununu na marekebisho

Washukiwa wanne wanatosha, pamoja na muuaji. Fununu za kweli ziwe sita au saba, za kupotosha tatu, na kila ya kupotosha iwe na maelezo ya kweli ya kwake. Mtu anayedanganya kuhusu Jumanne anaficha deni, au mke wa pili Mtwapa. Fununu ya kweli itie katikati ya aya, baina ya vitu viwili vyenye kelele. Muuaji aonekane kabla ya sura ya nane, akizungumza, akiwa na shughuli yake. Wetu ni msimamizi wa mirathi aliyekuja kutoa rambirambi. Sura ya sita anamuuliza mvuvi, kama kwa mazungumzo tu, kama maji yanatoka usiku. Mvuvi anamjibu kwa mkato na msomaji anapita.

Rasimu ya kwanza iandikwe bila kurudi nyuma. Maneno 500 kwa siku yanakamilisha 65,000 kwa siku 130. Iache wiki tatu, kisha isome mara mbili kwa shughuli mbili tofauti: mara ya kwanza ukiwa na jedwali la maji la mwaka wa hadithi pamoja na kalenda ya Kiislamu, mara ya pili ukiwa na daftari la safu tano, kidole kikifuata safu ya Zuhura peke yake. Kila mahali anapotenda kwa jambo ambalo safu yake haina, piga mstari mwekundu. Kisha nakala moja mpe askari mstaafu, nyingine mtu wa bahari, na uwaombe wakuandikie pembeni pale walipocheka pasipo kusudi lako.